Tulivyotia Dole Kukataa Kutia Dole

Kazi yangu ni kuwaandikia barua watu wasiojibu. Silalamiki, naeleza tu. Nina meza Parramatta, magharibi mwa Sydney, kwenye ofisi ndogo ya kutetea wafanyakazi, ghorofa ya pili juu ya daktari wa meno, na kila Bunge la Jimbo linapotangaza kwamba lingependa kusikia maoni ya wananchi, mwananchi mwenyewe ni mimi. Naandika kurasa kumi na nane, napanga vichwa vya habari, namalizia na mapendekezo, halafu nasubiri. Kule Tanga mama yangu amewaambia majirani kwamba mwanawe ni mtu wa sheria Ulaya. Nimemweleza mara nyingi kwamba mimi si mwanasheria na Australia si Ulaya, naye hunijibu kwamba najishusha.

Mwaka ule suala lilikuwa mashine za vidole na nyuso. Zilikuwa zimeingia kimyakimya kwenye maghala, viwanda vya mikate, hata nyumba za kulelea wazee. Mfanyakazi anafika, anabandika kidole kwenye kioo, mashine inalia, siku imeanza. Sheria ya faragha ya jimbo letu inazibana ofisi za serikali tu. Kampuni binafsi zimeachiwa sheria ya nchi nzima, nayo ina matundu ambayo mwajiri mnene anapita bila kuinama. Mimi nilitaka jimbo liweke sheria yake: mtu aulizwe kwanza, akikataa apewe njia nyingine, na akiondoka kidole chake kifutwe. Niliandika kwamba neno la siri likiibwa utalibadilisha, lakini kidole utakibadilisha na cha nani? Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliiweka ukurasa wa kwanza, wa saba na wa kumi na saba.

Tukiwa tunaambiana ukweli, niseme pia kwamba simu yangu yenyewe naifungua kwa kuionyesha uso, na asubuhi ikinikataa kabla sijanawa huwa naona imenikosea adabu.

Sasa, jirani yangu. Ni mama wa Kikongo, ametoka upande wa Kivu, amenizidi miaka kama kumi, na ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa jiko langu. Tunaishi Merrylands, kwenye jengo la matofali mekundu ambalo kila mpangaji anajua mwenzake anapika nini. Namwita dada, naye ananiita mdogo wake. Kwa miaka minne tulikuwa tumepeana chumvi, kisamvu anachokiita sombe, funguo za akiba na ushauri usioombwa. Mimi nilikuwa namrekebisha Kiswahili chake, chenye “njo” badala ya “ndiyo” na “ba” badala ya “wa”, yeye alikuwa ananiambia kwamba Kiswahili changu kimevaa tai.

Alifanya kazi kwenye ghala moja la Wetherill Park, anafunga maboksi ya viungo na nafaka. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya mshahara maishani, na sijapata kumwona mtu anayelipenda ghala namna ile. Ile fulana ya manjano inayong'aa aliipiga pasi. Kanisani ukimuuliza habari za nyumbani, anakujibu habari za kazini: boksi gani limekuja limepasuka, nani amefunga bizari kwenye boksi la dengu, na nani amemcheka nani.

Halafu mashine ikafika kwao. Jioni moja alinigongea ukuta, ndiyo simu yetu, nikaenda nikamkuta na barua mezani. Meneja wake alikuwa ameandika kwamba tangu sasa kila mfanyakazi ataingia na kutoka kwa kidole. Wenzake wote walishasajiliwa. Yeye alikataa, na alikuwa amepewa wiki nne. Jumatatu ya mwisho asipoweka kidole, asiende tena kazini.

“Sasa wewe unasemaje?” nikamuuliza.

“Miye sitatia,” akasema. “Bakitaka kidole yangu, bakuje na kisu.”

“Umewaambia sababu?”

“Nilibaambia hapana. Hapana njo sababu.”

Mtu mwenye utu wa kutosha angeuliza zaidi. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Wabunge wa kamati hawapendi sentensi, hata zile nzuri. Wanapenda mtu, mwenye sura na jina la mtaa, na miezi yote ile nilikuwa natafuta mtu kama huyo kwenye simu na barua pepe. Kumbe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko langu, ana barua, ana tarehe ya mwisho, na ana msimamo. Nikamwambia, “Dada, suala lako ni zuri sana.” Akanitazama kama mtu aliyekwenda kwa daktari na jino bovu, daktari akampongeza.

Usiku haujaingia nikawa nimeshamwandika. Niliandika kwamba anapinga ukusanyaji usio wa lazima wa taarifa nyeti za mwili. Nilipomsomea, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akauliza, “Huyu mama ni nani?”

Niliona kwamba mtu mmoja hatoshi, inafaa pawe na ombi lenye sahihi za watu wetu. Hapo ikabidi nimwone katibu. Katibu ni Mkenya, muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na ni katibu wa kila kitu: wa jumuiya, wa misiba, wa harusi, wa timu ya mpira isiyo na mpira. Wakenya watatu wakikutana, chai haijachemka pana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ajenda ya kwanza ni kuthibitisha ajenda. Sisi Watanzania tusicheke sana. Kikao chetu huisha tukiwa bado tunasalimiana.

Tulikutana Seven Hills, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, Jumapili baada ya ibada. Nilisoma ombi kwa sauti. Lilikuwa fupi, nusu ukurasa: sisi tuliotia sahihi hapa tunaliomba Bunge lizuie waajiri kuchukua alama za vidole vyetu kwa lazima. Watu wakaitikia amina, maana ukisoma kitu kwenye ukumbi wa kanisa kinaitikiwa amina. Nikamwachia katibu karatasi, nikaenda jikoni kusaidia chai.

Nilikaa jikoni nusu saa. Niliporudi nikaona foleni ndefu, na watu waliotoka kwenye foleni wanafuta mikono kwa karatasi za chooni. Mbele, katibu ameketi wima kama hakimu. Pembeni yake kuna kibati cha wino wa mhuri. Mbele yake, karatasi tatu zilizojaa vidole gumba vya zambarau, vimepangwa safu safu, kila kimoja na jina lake kwa herufi kubwa.

“Mnafanya nini?” nikauliza.

“Madam, relax,” akasema katibu. “Signature mtu yeyote anaweza ku-forge. Dole ni dole. Kwetu hata chief hawezi kubali barua haina dole.”

“Hiyo karatasi inasema nini?”

“Inasema hatutaki kupeana fingerprints.”

“Na hapo chini mmetia nini?”

Akaziangalia zile karatasi. Akaziangalia tena. Alikuwa na dole lake mwenyewe mstari wa kwanza, limekolea kuliko yote.

“Ai,” akasema taratibu. “Hapo umetupata.”

Nilipandwa na hasira, na mimi nikikasirika nasikika mpaka kituo cha treni. Niliwauliza kama wanajua kwamba kamati huweka maoni yote kwenye mtandao, dunia nzima isome. Niliwaambia kwamba kampuni zote za Sydney zikikaa pamoja zisingeweza kukusanya vidole vya Waafrika kwa kasi ile, tena kwa hiari, tena kwa kupanga foleni, tena na chai juu. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama dole lake linaweza kusuguliwa kwa limau. Mwingine akasema labda tuwatumie tu, wabunge waone jinsi vidole vilivyo vizuri.

Jirani yangu ndiye pekee ambaye hakutishika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake, na dole lake la zambarau limesimama juu ya mpini.

“Mudogo yangu, unapiga kelele ya bure,” akasema. “Nimetia, ndiyo. Hii karatasi ninaiona. Ninajua iko wapi. Ninajua nani anaibeba. Nikikataa, ninaichukua, ninaipasua. Ile masini ya kazi, utaipasua namna gani?”

Katika sentensi zake chache alikuwa amemaliza kurasa zangu kuanzia ya tano hadi ya kumi na tatu. Nilitoa kalamu nikaandika maneno yake nyuma ya bahasha ya sadaka. Ndivyo nilivyo, hata nikiaibishwa naandika.

Tukakubaliana zile karatasi ziharibiwe na watu watie sahihi upya kwa kalamu. Nikasema nitaziharibu mwenyewe ofisini. Kina mama wakatazamana. “Tutajuaje?” akauliza mmoja. Nikamwambia neno langu linatosha. Akasema hata meneja wa ghala ana neno.

Basi Jumatano wakaja ofisini, kina mama sita, wamevaa vitenge vya Jumapili, wakapanda ngazi mbele ya wagonjwa wa meno waliosahau kuumwa. Walisimama kuizunguka mashine ya kukata karatasi, wakanihesabia karatasi moja, mbili, tatu. Mmoja akataka kujua kama na hiyo mashine ina kumbukumbu. Bosi wangu, Mwaustralia mwembamba mwenye wasiwasi wa kudumu, akatoka chumbani kwake akauliza kwa kunong'ona kama huu ni ujumbe rasmi. Nikamwambia ni wakaguzi. Miezi kadhaa nilikuwa naandika kwamba kampuni zitoe ushahidi wa kufuta taarifa za watu, na sikuwa nimewahi kuona mtu anaudai ushahidi huo akiwa amebeba maandazi. Walipomaliza walichukua vile vipande kwenye mfuko, wakaenda navyo. Sijui walivipeleka wapi, na kwa mujibu wa mapendekezo yangu mwenyewe haikunihusu.

Kamati ilitupangia Ijumaa, siku tatu kabla ya ile Jumatatu ya meneja. Jirani yangu alikuwa amepewa dakika tano. Nilimfundisha wiki nzima, jioni baada ya jioni, tukiwa tunaosha vyombo. Nilimwandikia maelezo ya ukurasa mmoja, na majibu ya maswali tisa niliyodhani wangeuliza. Yeye alikuwa anatikisa kichwa na kuniuliza kama mchele umeiva.

Mjini tulikwenda kwa treni, sisi wawili na katibu, ambaye alivaa suti na kubeba daftari la kumbukumbu za kikao, kikao ambacho si chake. Chumba kilikuwa na zulia la kijani, wabunge watatu, majagi ya maji, na mkalimani kijana aliyeketi kulia kwa jirani yangu. Mimi nilikaa kushoto kwake. Jirani yangu akaanza kwa kumshukuru Mungu. Akamshukuru mwenyekiti, wabunge mmoja mmoja, mkalimani, katibu wetu, na kwaya ya kanisa kwa maombi yao. Zilikuwa zimekwenda dakika mbili nilipomfinya chini ya meza, naye akanifinya pia.

Hakusoma ukurasa wangu. Alisema anafanya kazi ya kufunga maboksi, anaipenda, na hataki kutoa kidole. Basi. Mbunge mmoja mzee, miwani yake inaning'inia kifuani, akainama mbele. Alikuwa mtu wa adabu, nami nilimwogopa zaidi kwa hilo.

“Mama,” akasema, na mkalimani akatafsiri, “nafahamu kwamba mpaka ufike nchi hii umetoa vidole mara nyingi. Kwenye kambi ya wakimbizi, kwa maofisa wa uhamiaji, uwanja wa ndege. Kwa nini hii ya kazini iwe tofauti?”

Hilo lilikuwa swali la tano kati ya yale tisa. Nilikuwa na jibu, tena jibu zuri, lenye tofauti kati ya madaraka ya dola na matakwa ya mwajiri. Nikamsogezea karatasi. Akaigeuza kifudifudi.

“Mu kambi, kidole njo chakula,” akasema. “Kila mwezi unatia kidole, banakupatia mugao ya batu bote ba nyumba. Mutoto wangu wa tatu alikufa. Nilikaa wiki mbili bila kusema. Kisha nikaenda kwa karani. Karani hakuwa mubaya. Aliniambia, mama, pole, tia kidole hapa ili jina yake itoke. Nikatia. Masini ikalia, tii. Taa ikakuwa kijani. Jina ikatoka.”

Mkalimani alitafsiri, akafika kwenye ile sauti akasita, akaisema vilevile, tii.

“Ile ya kazi inalia sawasawa. Sauti ni moja. Siku ya kwanza niko mu mustari, ninasikia mbele yangu, tii, tii, tii. Nikatoka mu mustari.” Akavuta pumzi. “Kazi yangu ninaipenda. Lakini siwezi kumutoa mutoto wangu kila asubuhi, na tena saa ya kurudia nyumbani.”

Hakulia. Aliyelia ni mkalimani, na katibu aliacha kuandika. Yule mbunge alivaa miwani akaivua tena. Mwenyekiti akauliza kama mama angependa kupumzika kidogo. Akasema hapana, amemaliza, wao ndio wanywe maji.

Mimi nilijiona mpumbavu. Sina neno lingine la kuliremba. Miaka minne nasikia mwiko wake ukigonga sufuria, nimemfahamu anapika nini na analala saa ngapi, nimemwandikia msimamo, nimemwandikia majibu tisa, na yule mtoto sikumjua. Nilikuwa nimempata mtu wangu wa mfano, nikaona hilo linatosha.

Kwenye treni ya kurudi katibu alikaa kiti cha mbali, kwa busara ambayo sikuitegemea kwake. Baada ya vituo vitatu nikamgeukia jirani yangu.

“Mbona hukuniambia, dada?”

“Hukuniuliza,” akasema, bila ukali wowote. “Uliniandika.”

Nikamwomba radhi. Akasema sawa. Halafu akasema nimemfinya vibaya, na nitabeba magunia yake ya mchele mwezi mzima.

Wikiendi ile nilitaka kumwandikia meneja barua ya kurasa sita. Nilikuwa nimeshafika ya nne aliponigongea ukuta akanikataza. Jumatatu alikwenda yeye mwenyewe, mapema kabla ya zamu, akamweleza kwa Kiingereza chake, mlangoni, mbele ya mashine. Kwenye maoni yangu kwa kamati nilikuwa nimemchora meneja yule kama chui. Kumbe ni mtu tu. Alijikuna shingo, akaenda kabatini, akarudi na kadi ya plastiki ya kuingilia wanayopewa wageni, akamwandikia jina. Ijumaa ya wiki ile mashine ikawa hailii. Watu wanabandika kidole, taa inawaka, kimya. Hakuna aliyetangaziwa chochote, na jirani yangu hakuuliza ni nani aliyeizima sauti.

Sheria bado. Ripoti ya kamati ilitoka, nene, na baadhi ya mapendekezo yangu yamo ndani yake kwa lugha laini kiasi kwamba nilichelewa kuyatambua. Serikali ya jimbo ilisema itayatafakari. Naendelea kuandika, kwa sababu huruma ya meneja mmoja si sheria, na mameneja huhama. Ila sentensi yangu ya kidole utakibadilisha na cha nani nimeipunguza. Siku hizi inatokea mara moja tu.

Jumapili ya kwanza baada ya mashine kuzimwa sauti tulikuwa jikoni kwake tunachambua sombe, nikamuuliza mtoto wake aliitwa nani. Akanitajia. Akanieleza alivyokuwa anacheka, na masikio alimrithi nani, na mimi nikasikiliza nimenyamaza, jambo ambalo halinijii kirahisi. Juzi nilipokuwa naandika kumbukumbu hizi nilirudi kumuuliza kama naweza kuliweka jina lile humu, maana ni jina zuri, na msomaji angelipenda.

Alikausha mikono kwanza. “Hapana,” akasema. “Ile ni yangu.”

Nilikuwa nimeshaliandika. Nikaenda kuchukua kompyuta, nikaifungua juu ya meza yake, nikalifuta akiwa anatazama.